Kikuku cha Bibi Semeni

Morogoro nzima hakuna aliyeshika chuma cha kulehemu akanizidi. Hata Mikidadi, mtoto wa mama yangu mdogo, ufundi redio nilimpa mimi. Kwa hiyo hasira hii ni haki yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwenye pesa anajinunulia anachotaka. Allen, tajiri mmoja wa mjini, alinunua ndege: viti viwili, mwili wa turubai, redio bubu. Asubuhi moja tulivu akamwita Mikidadi uwanjani amfungie antena kwa ndani. Mikidadi akaomba waya wa shaba. Allen akacheka, akauliza fundi gani hana waya.

Yule mjinga akaona aibu. Akapanda baiskeli hadi Mlali, nyumbani kwa marehemu bibi yetu Semeni. Ukutani kilining'inia kikuku chake cha shaba cha mkononi, mizunguko tisa, kikisubiri ukoo umchague mwanamke wa kurithi jina lake. Kabla ya hapo hakiguswi. Kila mtoto wa Kiluguru anajua. Mikidadi akakinyoosha kwa nyundo, akakibandika kwa utepe ubavuni mwa ndege, akalehemu. Nilipofika uwanjani nikamwambia akitoe. Allen akasema uchawi wetu tuupeleke milimani. Fundi apande, redio ijaribiwe.

Wakaruka adhuhuri, jua kali, kuelekea Uluguru. Mimi chini na redio ya mkononi. Sauti ilikuja safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na hilo silisemi ovyo.

Wakaingia wingu.

"Kaka," Mikidadi alinong'ona. "Bibi yumo humu."

"Anasemaje?"

"Anauliza nani amenyoosha mkono wake."

Nikamwambia aubandue ule waya. Upesi.



"Kaka. Mkono wangu nao unanyooka."

Ndege ilitua baada ya robo saa. Allen alishuka peke yake. Kiti cha Mikidadi kitupu. Mkanda umefungwa. Aliapa kwamba mlango haukufunguka. Kisha, mbele yangu mimi, ati akauliza antena yake iko wapi. Nilimpiga. Nikimwona leo nitampiga tena.

Ubavuni utepe ulikuwa umebaki, haujachanika. Ndani yake hamna kitu.

Nikaenda Mlali. Kikuku kipo msumarini, kimejikunja kama zamani. Tone la lehemu la Mikidadi liko juu yake, bado la moto.

Nikahesabu mizunguko.

Kumi.