Fungu la Bi Cornelia

"Ingiza mkono, dada. Usichungulie."

Bwana Thaddeus Tarrant aliishika kwa mikono miwili kofia nyeusi ya marehemu baba yao, akamsogezea dada yake. Ndani yake mlikuwa na vikaratasi viwili tu vilivyokunjwa. Nyumba na mashamba ya mpunga pale kando ya mto Ogeechee, Georgia, yalishakwenda kwa Thaddeus; hilo mzee alilisema mwenyewe kabla hajafa. Kilichobaki kugawanywa ni watu.

Tenah alisimama karibu na mlango, sinia la glasi mikononi. Naye alikuwa mmoja wa hao watu.

Bi Cornelia alichomoa karatasi, akaifungua, akaanza kusoma kwa furaha kama anayesoma majina ya wageni wa karamu.

"Juba. Scipio. Minta na watoto wake. Tenah..." Akainua uso akitabasamu. "Tenah, umesikia? Umeniangukia mimi!"

"Nimesikia, Bibi."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi, Bibi. Na Bram je?"

Thaddeus akaikunjua karatasi ya pili, akacheka.

"Bram seremala, wangu. Phibby mpishi, wangu. Afadhali, maana tumbo langu halijazoea mkono wa mtu mwingine."

Bram alikuwa mume wa Tenah. Phibby alikuwa mama yake mzazi. Na Jumamosi ya wiki ile ile Bi Cornelia alikuwa anaolewa na Bwana Ransom Creel, wahamie Alabama na fungu lake lote.

Glasi zikaanza kugongana juu ya sinia.

"Angalia hizo glasi," Thaddeus akasema. "Nazo ni zangu."

* * *

Bram alikuwa bandani kando ya mto, anaziba mtumbwi kwa lami. Alipomwona mkewe anakuja bila kitambaa kichwani, jua likiwaka vile, akaweka nyundo chini.

"Wametugawa?"

"Wametugawa."

"Wewe kwa nani?"

"Cornelia."

Bram akajaribu kutania, maana ndivyo alivyokuwa, hata kwenye msiba lazima atafute pa kucheka.

"Basi huko Alabama utapata mwanaume mrefu. Siku zote unalalamika mimi mfupi."

"Bram, usinifanyie hivyo."

"Nifanyeje sasa? Nilie? Nikianza kulia mimi, huu mtumbwi utazama kabla haujatiwa majini."

Tenah akamshika mkono uliojaa lami, akaung'ang'ania.

"Nitazungumza na Bi Cornelia. Wabadilishane. Akuchukue wewe, ampe kaka yake Scipio. Kwao ni kitu kidogo."

"Yule? Yule atakulilia tu. Kulia anajua sana."

"Nimekua naye."

"Umekua ukimfunga viatu, Tenah. Usichanganye." Bram akashusha sauti. "Unamkumbuka Elihu, yule mpishi wa meli ya Massachusetts, kule kaskazini kusiko na watumwa? Mtu mweusi, lakini hana bwana. Niliwatengenezea mashua yao nilipokodishwa bandarini. Meli yake ipo Savannah sasa hivi, inapakia mchele. Aliniambia, siku ukichoka, njoo."

"Na mama yangu?"

Bram akaokota nyundo, akaanza tena kugonga, taratibu mno.

* * *

Tenah alisubiri mpaka Bi Cornelia asimame kwenye kigoda, gauni la harusi likiwa mwilini, yeye amepiga magoti anakunja pindo. Akaomba kwa maneno machache.

"Lakini hilo jambo dogo!" Cornelia akasema. "Nitamwambia Ransom. Hajawahi kuninyima kitu."

Kesho yake alirudi na jibu, akilisema haraka haraka bila kumtazama.

"Ransom anasema haraka ya nini. Tukishatulia Alabama, tukishajenga, atamnunua Bram kwa Thaddeus. Ameniapia."

"Ameapa, Bibi?"

"Kwa mkono wake kifuani. Tenah, yule mwanaume ananipenda. Ukimwona anavyonitazama!"

Tenah alikuwa amemwona. Alikuwa amemwona pia anavyotazama wakati Cornelia ametoka chumbani.

Mchana huo akapeleka vinywaji barazani, walikokaa mashemeji wawili watarajiwa, miguu juu ya kizuizi. Hakuna aliyenyamaza alipofika. Waliongea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya meza.

"Alabama?" Ransom alikuwa anasema. "Mimi na jembe wapi na wapi? Nimeshaongea na watu wangu New Orleans. Fungu lote linauzwa wiki ya kwanza, nami naingia ubia kwenye meli ya moshi. Hayo ndiyo maisha, siyo kunusa matope."

"Na dada yangu anajua?"

"Atajua akishakuwa Bi Creel. Siku hiyo kila kilicho chake kinakuwa changu. Sheria sikuitunga mimi."

Thaddeus akacheka puani. "Mradi usirudi hapa kuniomba mashamba."

"Mashamba yako kaa nayo. Na huyu..." Ransom akamnyooshea Tenah kidole bila kugeuka. "Huyu wa kwanza kwenda. Mshonaji wa namna hii New Orleans wanamgombania."

Tenah akajaza glasi zote mbili. Hakumwaga hata tone.

* * *

Alijua akimweleza Cornelia kwa mdomo wake atapigwa kofi na kuitwa mwongo. Neno la mtumwa juu ya mzungu halikuwa na uzito mahali popote Georgia, mahakamani wala chumbani. Ilibidi Cornelia asikie mwenyewe.

Ijumaa, wanaume walipokaa tena barazani, Tenah akamwita kwenye chumba cha mashuka, ambacho dirisha lake linafungukia pale pale walipo.

"Bibi, kaa hapa uchague mashuka ya kwenda nayo. Nakuja."

Akazunguka na sinia. Akainama mbele ya Ransom, sauti laini.

"Bwana, samahani. Bi Cornelia ameniagiza nifungashe mbegu za maua ya bustani yake ya Alabama. Niweke kwenye sanduku lipi?"

Ransom akalipuka kwa kicheko.

"Mbegu! Fungasha, fungasha tele. Tutazipanda juu ya sitaha ya meli yangu!"

"Acha kumcheka," Thaddeus akasema, naye akicheka. "Si ndiye huyu unayemuuza?"

"Huyu, na Minta, na watoto wa Minta, na kila kiungo kinachotembea. Maskini Cornelia na bustani yake! Nitamnunulia kofia nzuri, atasahau."

Tenah aliporudi, Bi Cornelia alikuwa amekaa sakafuni, shuka limemlalia magotini. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

"Umesikia, Bibi."

"Nimesikia."

"Leo fungu bado ni mali yako. Kesho baada ya kanisa si yako tena. Mwite kaka yako sasa hivi, mbadilishane. Au vunja harusi."

"Nivunje?" Cornelia akamtazama kama aliyetukanwa. "Wageni wameshafika kutoka Savannah. Nina miaka ishirini na saba, Tenah. Unajua wanachosema juu yangu? Nikivunja hii, nitazeeka kwenye chumba cha juu, nikimlelea Thaddeus watoto wake."

"Utazeekea kwenu, Bibi. Mimi nitauzwa."

Cornelia akaanza kulia, mabega yakimtikisika.

"Nitaongea naye. Kesho asubuhi nitaongea naye, nakuahidi."

* * *

Asubuhi ya harusi Bi Cornelia alisimama mbele ya kioo, akageuza mgongo, akainua nywele zake.

"Nifunge."

Tenah alizitazama zile kamba za gauni zikining'inia. Akaelewa. Cornelia hakuongea na mtu, wala hataongea.

Akashika kamba, akaanza kufunga. Alipofika katikati, akaacha.

"Endelea, Tenah. Tutachelewa."

"Niandikie kibali, Bibi."

"Kibali gani?"

"Bram na mimi tupeleke sanduku lako Savannah, litangulie kwenye meli mtakayosafiria. Mistari miwili na jina lako."

Cornelia akageuka polepole. Alikuwa mwoga, lakini mjinga hakuwa.

"Bram si wangu."

"Walinzi wa bandarini hawalijui hilo."

"Ransom akiniuliza?"

"Mwambie ulitaka nguo zako zitangulie. Mbele ya Ransom umeshindwa kusema neno moja, Bibi. Basi andika."

"Usiongee nami hivyo!" Mkono wa Cornelia ulipanda, ukabaki hewani. Ukashuka. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilidhani unanipenda."

"Nakuvalisha tangu una miaka sita. Sijawahi kuulizwa kama napenda."

Chini, magari ya farasi yalikuwa yanapangwa. Thaddeus alikuwa anaita jina la dada yake. Cornelia alibaki amesimama, gauni limefungwa nusu, kisha akaenda mezani, akakaa, akaandika. Wino ukamdondokea kidoleni. Akaitupa karatasi kitandani kama inayomuunguza.

"Utarudi?" akauliza.

"Simama wima, Bibi. Nimalizie kamba."

* * *

Jikoni, Phibby alikuwa anapamba keki, jasho linamtiririka. Msimamizi wa shamba alikuwa ameegemea mlango, anakula mapaja ya kuku, macho kila mahali. Tenah akaingia akiwa amevaa viatu vyake vya safari. Mama alivitazama viatu, akatazama uso. Kisu cha sukari kikasimama hewani.

"Natumwa Savannah, Mama. Mimi na Bram. Tunapeleka sanduku."

Phibby hakuthubutu kumkumbatia. Mama hamkumbatii mwanawe anayekwenda mjini na kurudi. Basi akapasua sauti jikoni kote.

"Leo? Leo nina watu wote hawa wa kulisha, wewe unakwenda kutembea? Mvivu mkubwa! Tangu nimekuzaa unanitesa! Haya nenda! Nenda, wala nisikuone tena hapa, unasikia? Usigeuze hata shingo!"

Msimamizi akacheka, mdomo umejaa. "Bi mkubwa mkali leo!"

"Huyu mtoto hanisikii, Bwana. Sema umenisikia, wee Tenah!"

"Nimekusikia, Mama."

"Basi toka!"

Akamtupia kitambaa chenye mkate ndani, ukampiga kifuani. Kisha akaigeukia keki na kuanza tena kupaka sukari, akipaka mahali pale pale, pale pale. Tenah alitoka. Hakugeuza shingo.

* * *

Bram alipiga kasia kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, maana kila mtu kwenye ukingo wa mto aliweza kuwaona. Kwenye gati la Savannah mlinzi mmoja mwenye ndevu nyekundu aliwazuia, akasoma kibali, akakisoma tena.

"Cornelia Tarrant. Si ndiye anayeolewa leo?"

"Ndiye, Bwana," Tenah akajibu.

"Mbona ameandika Tarrant? Mke wa Creel angeandika Creel." Akainua macho. "Na wewe, jamaa, wa nani?"

Tenah alimwona Bram anafungua mdomo. Akamwahi.

"Aliandika asubuhi, Bwana, kabla ya kanisa. Saa hizi ndiyo kwanza anakata keki. Mie nilimwambia, Bibi, subiri uandike jina jipya. Akasema, nguo zangu zikichelewa meli nitakuchuna ngozi. Na huyu mwanaume ndiye alinichelewesha, kupiga kasia hajui."

"Mto ulikuwa mzito," Bram akanung'unika.

"Mzito kichwa chako!"

Mlinzi akacheka. Akamrudishia karatasi.

"Pelekeni kabla sijabadili mawazo. Na wewe mwanaume, pole sana."

Walibeba sanduku kila mmoja upande wake, wakilipita gati ambapo meli ya Bi Cornelia ilikuwa inasubiri. Wakaendelea hadi mwisho, kwenye meli ya matanga iliyojaa mapipa ya mchele. Elihu mpishi alikuwa anamwaga maji machafu. Alimwona Bram, akalitazama sanduku, akamtazama mwanamke.

"Umechoka?" akauliza.

"Tumechoka," Bram akasema.

Elihu akateremsha ubao wa kupandia.

* * *

Majira ya baridi yaliwakuta New Bedford, Massachusetts. Bram alipata kazi ya kuunda mashua, Tenah akashona. Huko ndiko baharia mmoja kutoka Savannah alipowaletea habari: Ransom Creel aliuza fungu lote New Orleans, kama alivyosema. Minta alikwenda upande wake, watoto wake upande wao. Juba na Scipio hakuna aliyejua walikoishia. Bi Cornelia aliachwa hotelini, akarudi kwa kaka yake na mkoba mmoja. Sasa anakaa chumba cha juu.

"Unamhurumia?" Bram aliuliza baharia alipoondoka.

Tenah alimaliza mshono kwanza.

"Namhurumia Minta. Yule mwingine alikuwa na mdomo, hakuutumia."

Kuhusu Phibby baharia hakujua lolote, ila kwamba mapishi ya meza ya Bwana Thaddeus bado yanasifiwa. Tenah alikuwa amemwomba alirudie hilo, naye akalirudia.

Jumapili iliyofuata walifunga ndoa kanisani, maana ile ya shambani ilikuwa ruhusa ya mzee Tarrant tu, na ruhusa ya mzee ilikufa naye. Kanisa lilikuwa dogo, watu weusi tu, wameketi na makoti yao kwa baridi. Elihu alikaa mbele, amefunga tai iliyopinda.

Mchungaji akafungua kitabu chake.

"Nani anamtoa binti huyu aolewe?"

Watu wakatazamana. Elihu akaanza kunyanyuka, akidhani ni kazi yake.

"Kaa, kaka," Tenah akamwambia. Kisha akamgeukia mchungaji. "Hakuna anayenitoa. Nimekuja mwenyewe."

Mchungaji akashusha kitabu. Nyuma, mwanamke mmoja mzee akasema "Naam!" kwa sauti, na kanisa zima likamwitikia.

"Na wewe, Bram?" mchungaji akauliza.

"Mimi?" Bram alikuwa analia waziwazi, hajifuti. "Mimi nimemfuata yeye."