Mnyama wa Pembeni mwa Sahani

Saa tisa alasiri, na huku Rinkeby, Uswidi, giza lishaingia. Desemba ndizo zake. Nikatoka mbio kutafuta sahani nyeupe.

Zuri, mwanangu wa miaka sita, alikuwa na homa siku ya tisa. Hospitali wamempima mpaka basi, hawaoni kitu. Kaka yangu Idd akasema tumwandikie kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani, zioshwe kwa maji ya waridi, mtoto anywe. Kwetu Tanga ndivyo tulivyolelewa. Nami nyumbani nina sahani za plastiki tu, tena za maua!

Duka la mitumba lilikuwa linafunga. Nikabeba ya kwanza niliyoiona, ya Kichina, ya kale. Pembeni amechorwa mnyama kwa buluu: pembe moja, magamba ya samaki, kwato za ng'ombe.

Idd akagoma. "Dada, kombe haliandikwi kwenye sahani yenye kiumbe."

"Yuko pembeni. Andika katikati!"

"Tutafute nyingine."

"Mtoto anakufa, wewe unachagua vyombo? Andika bwana!"

Akaandika. Akamimina maji. Hayakuwa ya njano. Yalikuwa ya buluu. Niliona... nikamsogezea mtoto. Zuri akanywa yote.

Dakika kumi tu, homa kwisha! Nikapiga vigelegele huku machozi yananitoka. Idd akaaga, nami nikaenda kuosha sahani.

Nyeupe. Tupu.

Nikaigeuza, nikaisugua. Mnyama hayupo. Na nyuma yangu, sakafuni...

Ko. Ko. Ko.

Harufu ya tope na manyoya mabichi ikajaa jikoni. Nikageuka. Zuri kasimama mlangoni, miguu peku.

"Mama, ana kiu," akanong'ona. Kwa Kiswahili! Huyu ambaye kila neno hunijibu Kiswidi.

"Nani?"

Akaweka kiganja kifuani.

Wiki tatu sasa. Anakula, anacheza, anakunywa maji jagi zima kwa mkupuo. Jana nikimsuka nilipapasa kitu nyuma ya sikio. Gamba. La buluu, gumu kama ukucha.

Nikampigia Idd. "Nitaandika tena kwenye sahani ileile," akanong'ona. "Atarudi alikotoka."

"Na homa je?"

Akakata simu.

Leo amekuja na zafarani yake. Nikamwambia sahani imevunjika, na si uongo. Nimeivunja mwenyewe asubuhi, kwa nyundo.

Ameondoka bila kuniaga. Chumbani Zuri anacheka, halafu... ko, ko, ko, kwato zinakuja jikoni.

Nafungulia bomba, najaza jagi.