Maua ya Sukari kwa Harusi ya Margareta

Mwaka huo wa sabini na mbili, kule Namswea, katika milima ya Umatengo, kahawa ilikuwa imeanza kuiva na baridi ilikuwa kali. Lukresia aliamka mapema kama kawaida yake. Aliwasha moto, akabandika uji, akamwita mama mkwe wake aje kuota moto. Mama mkwe huyo, Bibi Kunigunda, alikuwa na meno matatu tu, lakini kwa vitu vitamu hana mpinzani. Ukificha sukari chini ya kitanda, yeye anajua.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na jambo kubwa. Margareta, binti wa Lukresia na Othmar, alikuwa anaolewa Jumamosi na Gaudence, kijana wa Litumbandyosi. Na Lukresia alikuwa amejifunga kwa kinywa chake mwenyewe. Alimwambia Mama Luisa, mama wa bwana harusi:

"Keki ya mwanangu nitaipamba kwa maua ya sukari. Maua ya kweli, ya kuliwa!"

Lo! Nani alimtuma kusema? Maua hayo aliyaona mara moja tu, alipokuwa akifua nguo misheni. Masista walikuwa wameyapanga juu ya keki. Aliyaona yakiwa tayari, jinsi yalivyotengenezwa hakuona. Lakini Mama Luisa hasahau neno. Lukresia hakutaka binti yake aingie kwa wakwe akiitwa mtoto wa mwongo.

Sukari aliipata, kilo mbili, kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji. Duka la ushirika lilikuwa limebaki tupu. Nyingine ingekuja mwezi ujao.

Maua nayo yalikuja bila kutafutwa. Jumapili ilikuwa sikukuu ya Ekaristi. Watoto wa kike walivaa nguo nyeupe, wakatembea mbele ya padre wakimwaga maua njiani. Baada ya ibada, vikapu vitatu vilibaki na maua. Emerensiana, wifi yake Lukresia, ndiye aliyevishika.

"Wifi, chukua haya," alisema Emerensiana. "Usihangaike."

"Ni maua gani?" aliuliza Lukresia.

"Nani ajuaye! Watoto wamechuma kila mahali. Lakini yamepita mbele ya Ekaristi, wifi. Yatamdhuru nani?"

Neno hilo lilimwingia Lukresia. Yaliyopita mbele ya Ekaristi, kweli, yatamdhuru nani? Alibeba kikapu kizima nyumbani.

Jumatatu aliyalowesha maua kwa maji, akayanyunyizia sukari karibu nusu kilo. Kisha akayatandaza juu ya kichanja cha kukaushia kahawa, nje. Usiku ukungu ulishuka kama unavyoshuka siku zote Umatengo. Asubuhi sukari ilikuwa imeyeyuka yote. Maua yalikuwa yameshikana, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka mguu wa kichanja hadi juu. Lukresia alikaa chini akashika tama.

Hapo ndipo alipopita Bi. Mwajabu, bibi maendeleo. Yeye ni mtu wa Korogwe, aliyeletwa na serikali kuwafundisha akina mama mambo ya nyumbani. Alikuwa anakwenda kwenye darasa la kisomo.

"Hodi hapa! Shikamoo, Bibi Kunigunda. Mama Margareta, mbona umejiinamia? Harusi imevunjika?"

"Marahaba, mwanangu," alisema bibi.

"Heri ingevunjika kuliko kuiona sukari yangu hivi," alisema Lukresia. Akamweleza yote.

Bi. Mwajabu alicheka kidogo. Akainama kwenye kichanja. Ghafla akaacha kucheka. Alichukua kipande kirefu cheupe, laini, akakinusa.

"Mama Margareta, hili ni ua la tarumbeta. Lile jeupe kubwa linaloning'inia, linalonukia jioni."

"Ndiyo, limejaa kule kwenye uzio wa misheni. Ni zuri."

"Zuri la kutazama. Ni sumu. Mtu akilila kinywa kinakauka, mboni za macho zinapanuka, anaweweseka. Akila mengi anakufa. Nani ameonja maua haya?"

"Hakuna," alisema Lukresia.

Wote wawili wakamgeukia Bibi Kunigunda. Bibi alitazama juu ya paa.

"Mama!"

"Nimeonja mawili tu," alisema bibi. "Alfajiri. Kwani ni dhambi?"

"Mekundu au meupe?" aliuliza Bi. Mwajabu.

"Giza lilikuwepo, mwanangu. Ningejuaje rangi?"

Lukresia alimkimbilia bibi, akamshika mabega. Harusi ikamtoka kichwani. "Nimemuua mama wa watu!" alilia.

"Hujamuua mtu, usilie," alisema Bi. Mwajabu. "Nyamaza unisikilize. Usimpe kitu cha kumtapisha. Usimpe dawa ya mitishamba. Mwite Baba Margareta alete baiskeli. Na maua haya weka kidogo kwenye kitambaa, mganga wa zahanati ayaone."

Othmar alitoka mbio shambani, akampakia mama yake kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka zahanati. Huko mganga Urbani aliyatazama maua, akamwangalia bibi machoni, akampima mapigo ya moyo.

"Mboni zimepanuka kidogo, na ulimi umekauka," alisema Urbani. "Amekula kidogo tu, na mmemwahisha. Atakaa hapa nimwangalie mpaka kesho."

Kesho yake asubuhi bibi alirudi nyumbani akiwa mzima. Alikuwa amekasirika kwa sababu uji wa zahanati haukuwa na sukari. Othmar alicheka mpaka akajishika mbavu, lakini Lukresia hakucheka. Alikuwa anafikiria watu sitini wa harusi.

"Bi. Mwajabu," alisema Lukresia, bibi maendeleo alipokuja tena, "nitamwambia Mama Luisa ukweli. Keki haitakuwa na maua."

"Kwa nini? Waridi linaliwa. Kosa lako si maua. Kosa lako ni kutia kwenye chakula ua usilolijua."

"Lakini wifi alisema yamepita mbele ya Ekaristi."

Bi. Mwajabu alifikiri kabla ya kujibu, maana yeye ni Mwislamu na hakutaka kugusa dini ya wenzake.

"Mambo ya kanisa lenu siyajui, mama. Ninyi ndio wenyewe. Lakini niambie: uyoga usioujua, ukiubeba kanisani, utaupika?"

Emerensiana alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa hajalala tangu jana. "Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Hata mimi siupiki. Nisamehe, wifi."

"Tumekosa wote," alisema Lukresia, akamvuta ndani akae.

Hawakutaka kuyatupa maua ya sikukuu jalalani. Emerensiana aliyafukia mwenyewe, shimo refu, mbali na kuku na mbuzi. Kisha akanawa mikono kwa sabuni.

"Sasa twende kwenye mawaridi," alisema Bi. Mwajabu.

Kulikuwa na miwaridi miwili. Mmoja ulikuwa pembeni mwa kahawa.

"Kahawa mmeipiga dawa?" aliuliza.

"Ndiyo, mrututu, ile dawa ya buluu," alisema Othmar.

"Basi huu tuuache. Dawa hurushwa na upepo. Ule wa karibu na mlango?"

"Ule haujawahi kupigwa dawa."

Walichuma asubuhi hiyohiyo, umande ulipokauka. Walichagua maua yasiyo na wadudu, wakayachambua jani moja moja la ua. Waliyasuuza upesi kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, wakayaanika juu ya kitambaa safi mpaka yakakauka. Kwa mkasi, Lukresia alikata ile sehemu nyeupe chini ya kila jani.

"Hapo ndipo penye uchungu," alisema Bi. Mwajabu. "Sasa sukari. Sehemu moja tuitwange."

Emerensiana aliitwanga kwenye kinu safi, akaichekecha kwa kitambaa mpaka ikawa laini kama unga. Sehemu nyingine waliichemsha na maji kidogo.

"Kwetu tunaiita shira," alisema Bi. Mwajabu. "Ikivutika kati ya vidole kama uzi, imeiva. Lakini usiiguse ikiwa ya moto! Chukua tone kwenye kijiko, lipoe kwanza."

Shira ilipopoa, Lukresia alichovya jani moja, akalikung'uta, akaligeuza kwenye sukari laini pande zote mbili. La kwanza lilikunjika. La pili likachanika. La tatu lilikaa vizuri, jekundu chini ya weupe wa sukari, na Lukresia akapiga kigelegele peke yake.

"Haya, tulianike kwenye kichanja," alisema Emerensiana.

"Wifi! Umesahau ukungu?" alisema Lukresia. "Sukari hunywa maji ya hewani."

"Naona mwanafunzi anakuwa mwalimu," alisema Bi. Mwajabu.

Waliyapanga majani kwenye ungo uliotandikwa karatasi safi, wakayafunika kwa chandarua kuzuia nzi. Jua lilipokuwa kali waliyatoa nje, na saa tisa wakayarudisha ndani, mbali na moshi wa jikoni. Ungo ulikaa juu ya meza. Kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo la maji, na sisimizi wakabaki chini wakizunguka. Shira iliyobaki haikumwagwa. Waliipikia maganda ya machungwa yaliyochemshwa mara tatu kutoa uchungu. Bibi Kunigunda alipewa yake kwenye sahani, mchana kweupe, mbele ya watu.

Ijumaa majani yalikuwa makavu, ukiyagusa yanalia. Lukresia aliyatia kwenye kopo lenye mfuniko mpaka siku ya harusi.

Jumamosi keki ililetwa mbele, majani yamepangwa juu yake yakawa mawaridi. Watu walisema "Aaa!" Mama Luisa alisogea, akachukua waridi moja la sukari, akaligeuzageuza.

"Haya ndiyo uliyoniahidi?"

"Ndiyo, mama," alisema Lukresia. "Ni waridi la mlangoni kwangu. Nimelichuma na kulipika mwenyewe."

Mama Luisa alikula. Akala jingine. Kisha akawapa wajukuu wake, mmoja mmoja, mpaka maua yakaisha. Watu walicheza ngoma mpaka jioni, na wageni wa Litumbandyosi wakalala kijijini.

Jumapili asubuhi Lukresia alifika kanisani kabla ya kengele. Hakuweza kukaa. Alisimama karibu na mlango akitazama njia. Aliingia Gaudence na Margareta, wakicheka. Aliingia Mama Luisa, akiwa amemshika mkono mjukuu mdogo kabisa. Waliingia wajomba, waliingia shangazi, waliingia watoto wakisukumana. Padre alipoanza, Lukresia alikuwa bado anageuka nyuma, anatazama benchi moja baada ya jingine.

Wote waliokula keki walikuwapo. Wote walikuwa wazima, wakiimba kwa sauti kubwa. Lukresia alifungua kinywa aimbe nao, lakini machozi ya shukrani yalimtangulia.