Mvumo wa Gitaa la Besi

Je, umewahi kusema neno dogo tu, kisha ukatamani ulirudishe mdomoni ulimeze? Basi sikiliza yaliyompata Igoki wa kule Gachoka.

Kila Jumamosi Igoki, msichana wa miaka kumi na miwili, aliteka maji, akapeta ndengu za mama yake, akanawa miguu mpaka magotini, kisha akaenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Huko alipiga gitaa la besi, lile kubwa lenye nyuzi nne nene. Siku zote alilipiga kwa kidole gumba. Lakini mashindano ya kule Embu yalikuwa yamekaribia, na Mwalimu Kailemia, ambaye yeye alijua kinanda tu, alitaka sauti kali zaidi.

"Igoki, kupiga kwa piki unajua?"

"Najua, mwalimu," akajibu upesi, ingawa hakuwa amewahi kukishika hata siku moja kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi.

Jioni hiyo alichukua kadi kuukuu ya simu, akaikata pembe tatu kwa makasi, akalainisha ncha zake kwenye jiwe. Piki ikapatikana.

Jumamosi iliyofuata, alipougusa uzi mwembamba wa chini, ule mnene wa juu nao ukavuma wenyewe. Mmmmm! Kila sauti aliyoipiga iliburuta nyingine nyuma yake.

"Wee Igoki," akasema Nyamu, mpiga ngoma, "umefuga nyuki ndani ya hilo gitaa?"

Watoto wakaangua kicheko. Igoki uso ukamwaka moto.

"Si mimi! Ni spika. Fundi Ndambiri hakuitengeneza vizuri."

Lilikuwa neno la kutupa tu, lakini watu waliliokota. Fundi Ndambiri, mzee wa kutengeneza redio pale sokoni, akapelekewa spika ile. Akaifungua, akaifuta vumbi kwa brashi, akaijaribu kwa redio. Ikaimba safi kama maji ya mtungi. Ikarudishwa kanisani, na Igoki alipopiga, mmmmm!

Usiku ule Igoki alirudi na gitaa nyumbani afanye mazoezi. Akapiga uzi mmoja, akalaza sikio juu ya mbao. Mvumo ulikuwa mle mle. Na pale hapakuwa na spika wala waya.

Akajua. Akanyamaza.

Jumatano akatumwa chumvi sokoni. Mbele yake mama mmoja aliyebeba redio kwapani aliipita meza ya fundi bila kusimama. "Siku hizi mkono wa Ndambiri umekufa," alimwambia mwenzake, na fundi akasikia. Igoki alitaka kupita ameinamisha kichwa, lakini mzee akamwita.

"Igoki wetu! Mwambie mwalimu Jumamosi nitakuja mwenyewe. Macho yangu yamezeeka, labda kuna waya sikuuona."

Afadhali angemgombeza. Siku hiyo Igoki aliuacha ugali wake, mama yake akadhani ana homa.

Jumamosi fundi akaja na mkoba wa vyombo vyake. Mwalimu Kailemia akamwambia, "Mzee, leo ikishindikana, tutatafuta fundi mwingine Embu."

Fundi akapiga magoti, akashika bisibisi. Igoki akamwona akiinamisha uso karibu kabisa na spika ili aone skrubu.

"Mwalimu," akasema Igoki, "spika ni nzima. Ni mimi. Hata nyumbani bila spika linavuma. Nimejua tangu wiki jana."

Hakuna aliyecheka, hata Nyamu. Igoki alitamani sakafu ipasuke.

Fundi alijifuta mikono polepole. "Lete hilo gitaa, mwanangu. Ujanani mwangu nilipiga gitaa kama hili kwenye harusi nyingi." Akalipakata. "Ukipiga kwa gumba, gumba hulalia nyuzi nyingine, zikatulia. Ukishika piki, hakuna wa kuzituliza. Basi laza ubavu wa kiganja, upande huu wa kidole kidogo, juu ya nyuzi nene usizozipiga. Zile nyembamba, ziguse kwa vidole vya mkono wa kushoto, kidogo tu, usizikandamize."

Igoki akajaribu. Mara ya kwanza uzi wa juu ukavuma, mara ya pili ukavuma. Mara ya kumi, sauti moja ikatoka, ikakoma.

"Vizuri," akasema Mwalimu Kailemia. "Lakini jina la fundi uliliharibu mbele ya watu. Kesho baada ya ibada, utalirudisha mbele ya watu. Kutojua kuna dawa yake, nayo ni kuuliza. Ukificha kutojua kwako kwa kumsingizia mwenzako, wagonjwa wanakuwa wawili."

Kesho yake Igoki alisimama mbele ya kanisa lote, akaeleza bila kuacha kitu. Yule mama wa redio akatazama chini. Kisha Igoki akamgeukia fundi.

"Nisamehe, mzee. Siku ile mwalimu aliponiuliza kuhusu piki, nilipaswa kusema sijui, nifundishwe."