Shimo Karibu na Mlango wa Karakana

Kila Ijumaa akitoka shule, Nyamburi alifagia maranda ya mbao katika karakana ya mama yake, nyuma ya nyumba yao huko Bweri. Mama yake, Selestina, alikuwa fundi seremala. Ijumaa moja mama alikuwa Bunda, alikokwenda kulala akisubiri lori dogo la kubeba mashine yake mpya ya kurandia mbao, mashine nzito kuliko fahali.

Geti likagongwa, Nyamburi akafungua. Alikuwa mwanamume mrefu anayechechemea, ameshika futi ya kupimia.

"Shikamoo," alisema Nyamburi.

"Marahaba, binti. Naitwa Machage. Mama yako amekodi kwangu winchi, ile ya mnyororo, ya kushushia mashine. Nimekuja kuona uwanja."

Mama hakuwa amemwambia habari za mgeni yeyote. Nyamburi alisimama kando, ufagio mkononi, akimtazama mtu yule akipima upana wa geti na kuchungulia ndani ya karakana.

"Mama huwaga anafunga huu mlango kwa kufuli?"

"Sijui."

"Na kuna shimo lolote lililofukiwa hapa?"

Lilikuwepo. Likizo iliyopita, mama akiwa kazini Kibara, Nyamburi na kaka yake Brian walichimba shimo la taka karibu na mlango wa karakana, kisha wakalifukia. Mama hakuwahi kuliona. Lakini Nyamburi alishajiambia kwamba mtu huyu ni mwizi anayepeleleza nyumba yao. Kwa nini amweleze?

"Hakuna," alijibu.

Usiku alihakikisha mara mbili kwamba geti limefungwa.

Kesho yake Machage alirudi na vijana wawili. Walisimamisha miguu mitatu mirefu ya chuma mbele ya mlango wa karakana, wakatundika winchi juu yake. Lori lilipoingia, mama alishuka akicheka. "Machage, asante kwa kuwahi." Nyamburi akawatazama wote wawili. Kumbe wanafahamiana. Alitaka kusema habari za shimo, aibu ikamziba mdomo.

Mnyororo ukavutwa. Mashine ikainuka taratibu kutoka kwenye lori, mama akiwa chini, ameishika isiyumbe. Hapo Nyamburi akaona udongo ukipasuka kuzunguka mguu mmoja wa chuma.

"Mama, toka hapo. Mguu umekaa juu ya shimo."

Mama akaruka pembeni. Machage akaachia mnyororo upesi, mashine ikatua tena kwenye lori kwa kishindo, na ule mguu wa chuma ukazama ardhini kwa kina cha goti la mtu.

Nyamburi alieleza yote huku akilia. "Nilidhani ni mwizi."

Machage akaonyesha mguu wake. "Huu uliumia kwa shimo kama hilo. Ndiyo maana nauliza sana."

Walihamishia miguu ya chuma kwenye ardhi ngumu, wakaweka mbao nene chini yake. Alasiri mashine ikaingia karakanani, ikisukumwa juu ya vipande vya bomba.

Mama akamketisha Nyamburi kwenye benchi la kazi.

"Kumshuku mgeni si kosa, nami nilikosea kutokukuambia. Ungemwacha nje ya geti ukaenda kwa jirani kunipigia simu, ningekusifu. Lakini ulimdanganya, halafu ulipojua ukweli ukanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kungeniua. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaona aibu."

Nyamburi alitoka, akamfuata Machage aliyekuwa akikunja mnyororo wake, akamwomba radhi.