Neno Lililochoka

Kila alasiri, akishaosha vyombo, mtoto mmoja alijikunja kwenye kiti cha dirishani na vitabu vyake. Nyumbani walimwita Sasahivi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. "Kafagie uani!" "Sasa hivi, mama." Lakini haondoki ng'o!

Siku hiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa amempa kila mwanafunzi neno moja alitafutie asili. Sasahivi alipewa "soon", yaani "hivi karibuni", akaazima maktaba kamusi nzito kama tofali.

"Mjukuu wangu," bibi aliita kutoka chumbani, "saa ya dawa imefika."

Bibi alikuwa amepasuliwa jicho juma lililopita. Daktari alionya kwamba asipotiwa matone kwa saa zake, jicho litaharibika. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Sasahivi.

"Sasa hivi, bibi!" akajibu, macho kwenye kamusi.

Akaendelea kusoma. Zamani, miaka elfu moja na zaidi, neno lile lilikuwa "sona", nalo lilikuwa na ndugu zake katika lugha za kale za Wajerumani. Tena halikuwa na maana ya baadaye. Maana yake ilikuwa papo hapo! Lakini watu walilisema kisha wakachelewa, kizazi baada ya kizazi, mpaka neno likalegea, likawa na maana ya "baadaye kidogo".

"Wavivu wakubwa hao!" Sasahivi akacheka. Chumbani kitu kilianguka, paa!

Bibi alikuwa amejaribu kujitia matone mwenyewe. Kichupa kilimponyoka, na dawa yote ikamwagika sakafuni.

"Nisamehe bibi, nimekuponza!" Sasahivi alilia, huku miguu imeshafika mlangoni. Alikimbia mpaka zahanati, mtaa wa pili.

"Umewahi," muuguzi alisema, akampa kichupa kingine. "Usirudie."

Sasahivi alirudi mbio, akanawa mikono, akamtia bibi matone, kisha akamsimulia habari za lile neno.

Jioni bibi, macho ameyafumba, aliita, "Sasahivi! Dawa!" Akasubiri kusikia "sasa hivi" ya kila siku. "We mtoto, huitiki?"

"Nipo hapa, bibi." Alikuwa ameshasimama kando ya kitanda, mikono safi, kichupa tayari.

Bibi akatabasamu. "Neno halina miguu, mjukuu wangu. Ukilisema umekaa, nalo linakaa. Ukiinuka, linapona."