Mitetea Waliouzwa Mapema

Kila asubuhi binti alifagia banda, akaosha vyombo vya maji, akamwaga chakula. Mitetea hamsini, kuku majike wasioanza kutaga, walimkimbilia miguuni. Mtaani walimwita Mama Kuku, naye hakukasirika.

Alipoomba mkopo wa kuwanunua wakiwa vifaranga, benki ilimtaka hati ya shamba. Atoe wapi, na umri wake ni miaka ishirini na miwili? Ndipo akakopa kwa mkopeshaji wa sokoni, akaweka rehani baiskeli ya marehemu baba yake. Alitakiwa kulipa kila wiki, kuanzia wiki ya pili.

"Kuku hawajataga, mwanangu," mama yake alisema. "Utalipa nini?"

"Mungu atafungua njia, mama."

"Njia atafungua. Kuhesabu miezi ametuachia sisi."

Mwezi wa tatu vijisenti vyake vya akiba vikaisha, akakwama. Akauza mitetea kumi kwa mchinja kuku, kisha kumi na mitano. Mwezi wa tano ukakaribia, akapeleka wote waliobaki. Mchinja kuku akapasua mmoja, akaweka kisu chini.

"Binti, njoo uone."

Ndani, viini vya mayai vilipangana kama shanga, vikubwa kwa vidogo. Yai moja lilikuwa na ganda tayari. Lilikuwa na joto bado.

"Huyu kesho angetaga," mchinja kuku alisema polepole.

Deni halikuisha. Baiskeli ikachukuliwa.

Jirani yao, mtaalamu wa mifugo, akaja kuwapa pole.

"Mbona hukuniuliza, mdogo wangu?"

"Niliona haya, dada."

"Haya hailipi deni! Sikiliza. Kuku wa mayai huanza kutaga akikaribia miezi mitano. Basi kabla ya kukopa, uliza: nitaanza kulipa lini? Riba ni kiasi gani? Nikichelewa, itakuwaje? Usiweke sahihi kabla hujaelewa."

"Na hati ya shamba je?"

"Kikundi chetu cha akiba na mikopo hakidai hati. Unaweka akiba kidogo kila wiki, wenzako wanakudhamini. Mkopo wa kuku unaanza kulipwa kuku wakishataga."

Binti akajiunga. Akaweka akiba miezi sita, akakopa, akanunua vifaranga ishirini tu. Walipotaga, mayai yakalipa mkopo, na chenji ya sabuni ikabaki.

Leo anapeleka trei mbili za mayai sokoni kwa miguu, amezibeba kichwani. Nyuma yake kengele ya baiskeli ikalia. Aliijua kengele ile tangu utotoni. Mtu asiyemfahamu akampita, amekalia tandiko la baiskeli ya marehemu baba.

Binti hakusimama. Machozi yalimtiririka, asiyafute. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika mayai.